Safu ya Vilivyovunjwa

Siku Kabati alipopasuliwa kisogo na mwenzake wa kazi, hakukuwa na ugomvi. Kulikuwa na warsha.

Mkuu wa ofisi, mwanamume wa tai fupi na hotuba ndefu, alikuwa amemwalika mtaalamu wa kujenga moyo wa timu. Mtaalamu aliwapanga wawiliwawili, akawaambia mmoja afumbe macho na kujiachia kinyumenyume, mwenzake amdake. "Hapo ndipo kuaminiana kunapozaliwa," alisema, na yeye mwenyewe akafumba macho kwa utamu wa maneno yake. Kabati akafumba, akajiachia kama gogo. Nyuma yake alisimama Dada Ukuta. Dada Ukuta akamtazama anavyokuja, akapiga hesabu ya uzito, akasogea pembeni.

Kuaminiana hakukuzaliwa. Zilizozaliwa ni nyuzi nne za kisogoni, na doa la damu kwenye zulia ambalo mpaka leo limefunikwa kwa chungu cha maua ya plastiki.

"Umeniua!" Kabati alilia akiwa chini.

"Ningekudaka tungekufa wawili," Dada Ukuta akajibu. "Halafu tangu lini usalama ukamdaka mtu eti kwa sababu kafumba macho?"

Kabati ndiye aliyekuwa msanifu na mtunzaji wa kanzidata ya ofisi ile. Jina alipewa kwa mambo mawili: mabega yake, ambayo yaliingia mlangoni kwa zamu, na tabia ya kutaka kila kitu kiwe na droo yake. Nyumbani kwake hata vijiko vya chai havikulala pamoja na vya supu. Mkewe alikuwa akisema bwana huyu akifa itabidi azikwe kwa mpangilio wa herufi. Dada Ukuta alikuwa mtu wa usalama wa mitambo, mfupi, mwembamba, mkali kuliko pilipili aliyoila mtu bila kujua. Kazi yake ilikuwa kujenga kuta za kuzuia wezi wa mtandaoni, na alijenga mpaka mahali pasipo na mlango. Aliwahi kumfungia mama yake mzazi simu kwa siku tatu kwa kuwa neno la siri la mama lilikuwa jina la kuku wake.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya maseremala. Kibao cha mlangoni kiliandikwa "Huduma za Uchapaji," uongo mtupu, na kila wiki kuna mtu aliyepanda ngazi na kitambulisho mkononi akitaka nakala, akashushwa kwa matusi. Kazi ya kweli ilikuwa kutunza orodha ya wanawake na watoto waliokimbia vipigo majumbani, pamoja na nyumba walikofichwa. Majina mia nne na kitu, na kila jina lilikuwa na mwanamume mahali fulani anayelitafuta akiwa amekunja ngumi. Orodha ile ikivuja, kinachomwagika si siri. Ni damu.

Uhasama wa wawili hawa ndio uliozaa kufuli la ofisi. Kabati alitoka hospitali na bandeji yake, akakaa siku tisa, akaipasua kanzidata vipande viwili. Jedwali la kwanza lilikuwa la wanawake: majina, habari zao, na mbele ya kila mmoja namba tu ya nyumba. Hilo lilifunguka kwa neno la siri la Kabati. Jedwali la pili lilikuwa la nyumba zenyewe, mtaa na mlango, nalo lilifunguka kwa neno la siri la Dada Ukuta. Ili ujue nani analala wapi, lazima wote wawili waje kwenye mashine moja. Mmoja anaandika, mwingine amegeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, kisha wanabadilishana. Ukikosea mara tatu, jedwali linajifunga mpaka kesho yake asubuhi, na hata ashuke malaika na kitambulisho, halifunguki.

"Na nyinyi wawili mkila njama?" Mkuu aliuliza.

Wakatazamana. Kisha wakacheka pamoja, kwa mara ya kwanza, na kwa muda mrefu ikawa ya mwisho.

Maana hata kufuli halikuwapatanisha. Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa safu moja. Katika jedwali la wanawake, pembeni ya safu ya mifupa iliyovunjwa, Kabati aliongeza safu nyingine: Vilivyovunjwa. Vitu. Vikombe, redio, viti, simu. Mwanamke akija kuandikishwa aliulizwa mumewe alivunja nini, na kwa mpangilio gani.

"Kila safu ni dirisha," Dada Ukuta alisema. "Na kila dirisha lina mwizi wake. Habari usiyoihitaji usiiweke. Nani anahitaji kujua mtu alivunja kikombe?"

"Mimi."

"Wewe kama nani? Duka la vyombo?"

Kabati akamrushia kibodi. Ikampata begani. Dada Ukuta akamrudishia stepla ya chuma, ikatua kwenye paji la uso na kuacha alama ya vijino viwili. Mkuu aliongoza upatanishi kutoka chini ya meza.

Ambacho Kabati hakumwambia mtu ni kwamba alipokuwa na miaka saba, baba yake alianza na kikombe. Kikombe cha buluu cha mama. Ikafuata redio. Kikafuata kioo. Baada ya kioo ukaja mkono wa mama, na majirani wote wakasema, jamani, hasira imetoka wapi ghafla hivi? Mtoto mmoja tu mtaani alijua kwamba haikuwa ghafla, kwamba ilikuja kwa foleni, kitu baada ya kitu, na hakuna aliyemuuliza. Basi safu ikabaki, kwa ubishi tu, na kovu la stepla likabaki nayo.

Lakini fundi wa kufuli naye ana dirisha lake la nyuma. Wakati Kabati anausuka ule mfumo, alihitaji majina ya kujaribia. Wenye akili hutunga majina ya uongo. Kabati siku hiyo alikuwa na homa na uvivu, akanakili orodha ya kweli, nzima, haijapasuliwa, majina na milango yake, kwenye mashine moja kuukuu isiyo na neno la siri. "Nitaifuta kesho," akasema. Wote wa kazi hii wameshawahi kusema hivyo, na waliobaki ni waongo. Kesho ile ilikuwa na miaka miwili sasa. Mashine ilikaa chini ya meza yake, naye akaifanya ya kuwekea miguu.

"Ile nakala ya majaribio uliifuta?" Dada Ukuta alimuuliza kila mwezi.

"Zamani!" Kabati alijibu kila mwezi, nyayo zikiwa juu yake.

Ilikuwa adhuhuri ya Jumatano walipokuja. Mkuu alikuwa kwenye kikao, Dada Ukuta ameshuka kununua ndizi. Mlinzi wa mlangoni alipigwa ngumi moja, akafungiwa chooni na soksi yake mwenyewe mdomoni. Walikuwa watatu. Mbele alikuwa Bondia, aliyewahi kupanda ulingoni mara tatu, akapigwa mara mbili, na kulipiza kisasi nyumbani kwa miaka minane. Mkononi alishika nyundo. Wa pili alivaa miwani na alikuwa fundi wa simu. Yeye ndiye aliyeigundua ofisi, kwani aliwahi kupanda kutaka nakala ya kitambulisho, akatukanwa, akashuka akijiuliza ni wachapaji gani hao wanaofukuza wateja, wanapokea wanawake wenye majeraha, na wana mlango wa chuma. Wa tatu alikuja na nondo. Hakusema neno hata moja siku nzima, na ndiye aliyepiga zaidi.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kaka, hapa sisi ni wachapa..."

Nondo ikatua gotini. Kabati akaenda chini na kiti chake. Nondo ikamfuata mbavuni, mara mbili, bila haraka, kama mtu anayepiga godoro vumbi litoke. Bondia akampandisha kwa kola, akamkalisha, akakitandaza kiganja chake cha kushoto juu ya meza, akachagua kidole cha mwisho, kama mtu anayechagua karanga. Nyundo ikashuka. Kabati alisikia mlio kabla ya maumivu, na kwa ujinga wa akili yake akawaza: safu ya mifupa.

"Mke wangu," Bondia akasema, akamtaja jina.

Kidole cha pili. Hapo Kabati akafungua jedwali lake, kwa mkono mmoja, huku kamasi na damu vikichuruzika kwenye kibodi. Alifungua kwa sababu alijua lina nini: jina, habari, na namba thelathini na moja.

"Thelathini na moja ni wapi?"

"Sijui. Nyumba zina ufunguo wa mwenzangu. Niue, sijui."

Kidole cha tatu. Bado hakujua, na Bondia, ambaye miaka minane ilimfundisha sauti ya mtu anayesema kweli, akaamini. Lakini macho yake yalikuwa yameshanaswa na skrini. Alikuwa amepata habari zake mwenyewe, na hakuna mwanamume asiyependa kujisoma.

"Vilivyovunjwa," akasoma kwa sauti. "Sahani sita. Redio. Picha ya harusi ya wazazi wake. Cherehani ya marehemu mama yake. Mwenyewe anasema: alipojua naipenda, aliivunja kwa nyundo, polepole, akinitazama usoni." Akatabasamu. Tabasamu la mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujana. "Ile cherehani. Ililia, mwenzangu, kuliko yeye."

Kisha akatafuta pa kukaa amsubiri huyo mwenye ufunguo wa pili. Viti vitatu vilivyokuwa wazi mwenye nondo alikuwa ameshavivunja. Akaivuta ile mashine kuukuu kutoka chini ya meza, akaikalia.

Kabati alitazama. Mia nne na kitu, majina na milango, pamoja na jina la mke wa Bondia na mlango wake, vyote vilikuwa chini ya makalio ya Bondia. Kitu pekee kilichokuwa kati ya yule mwanamke na kaburi ni suruali.

Dada Ukuta akaingia na ndizi zake.

"Wewe Kabati, mlinzi yuko wapi? Nimekuta mlango u..." Akaona damu, akaona nyundo. Akageuka, mwenye nondo akamdaka kwa nywele na kumbamiza kwenye fremu ya mlango. Ndizi zikatawanyika.

Walimburuta mpaka mbele ya mashine ya kazi. Bondia akamwekea Kabati nyundo kichwani. "Wewe dada, andika neno lako. Nikihesabu hadi kumi, bichwa hili linapasuka."

"Hicho kisogo nilishakipasua mimi," akasema Dada Ukuta. "Hakina kitu ndani." Lakini akaandika. Skrini ikakataa. "Mikono inatetemeka," akasema, akaandika tena. Ikakataa. Akamtazama Kabati mara moja, mtazamo wa mtu anayeruka shimo, akaandika mara ya tatu, taratibu, herufi kwa herufi. Skrini ikawa nyekundu: IMEFUNGWA MPAKA KESHO.

Bondia alihitaji muda kuelewa. Alipoelewa, akampiga ngumi ya mdomo iliyomng'oa jino la mbele. Likaruka, likagonga skrini, likaanguka kwenye kibodi. Mwenye nondo akamalizia. Alimpiga mgongoni, mapajani, mikononi alipojikinga, na Kabati akipiga kelele wakampiga na yeye, zamu kwa zamu, mpaka vumbi la dari likaanza kuwashukia maseremala kwenye sahani zao huko chini.

Ndipo Miwani akakohoa.

"Bosi. Hiyo uliyoikalia. Watu hawa wa kompyuta huwa hawatupi kitu. Mashine kuukuu ndizo zenye nakala." Akainama, akaanza kutafuta waya wa umeme.

Dada Ukuta, akiwa sakafuni, akamtazama Kabati. Kabati akatazama pembeni. Hapo Dada Ukuta akajua. Ile "zamani" ya kila mwezi ilikuwa hapa, mbele ya macho yake, inatafutiwa soketi. Kama macho yangekuwa na risasi, Bondia asingehitaji nyundo.

Kabati hakuwa na nguvu wala silaha. Alichokuwa nacho ni safu moja. Alipojua naipenda, aliivunja.

Akajirusha kifudifudi juu ya ile mashine, akaikumbatia.

"Hii hapana!" akalia. "Nivunjeni mimi! Hii nimeijenga kwa mikono yangu, kaka, miaka kumi na moja! Ndiyo mashine yangu ya kwanza! Chukueni mkono wa pili huu hapa, chukueni, lakini hii msiiguse!"

Miwani akasimama na waya mkononi. Dada Ukuta akatema damu, na katika mfumo ule wote uliowahi kusukwa na wawili hao, hakuna ujumbe uliowahi kufika haraka hivyo.

"Muone," akasema kwa dharau. "Analipenda hilo bati kuliko mke. Kila asubuhi analipangusa kwa leso. Analisalimia! Nyinyi mnahangaika na vidole. Huyu vidole si kitu kwake. Mguseni huyo mchumba wake muone."

"Nyamaza, mwanaharamu wewe!" Kabati alipiga yowe, na machozi yalikuwa ya kweli, kwani alikuwa amelalia vidole vilivyovunjika.

Uso wa Bondia ukafunguka. Ulifunguka taratibu kama mlango, na Kabati akamwona baba yake amesimama ndani yake, ameshika kikombe cha buluu.

"Bosi, ngoja," Miwani akasema, "huu ni mtego, tuiwashe kwan..."

Kiwiko cha Bondia kikampata puani na miwani ikaenda zake. Akamburuta Kabati pembeni kwa sikio, akamwelekeza uso, ili aone vizuri. Kisha akaanza. Pigo la kwanza likakunja bati. La pili, la tatu. Alipiga polepole, akimtazama Kabati usoni, na Kabati alilia kwa kila pigo kama aliyefiwa.

"Ile sahani ya ndani isivunjwe jamani!" Dada Ukuta akapaza sauti. "Hiyo ya kung'aa! Hiyo ndiyo roho yake, atakufa!"

Bondia akaingiza mkono ndani ya mashine, akaing'oa diski na waya zake kama anayetoa ini, akaiweka sakafuni, akaitwanga mpaka ikawa vipande, akavitwanga vipande. Alitokwa na jasho. Alikuwa na furaha. Hata mwenye nondo alisimama kutazama, na kwa hiyo hakuna aliyesikia ngazi.

Maseremala walikuwa saba. Walikuwa wamevumilia kelele, hawakuvumilia vumbi kwenye chakula. Walipofika mlangoni wakamwona jirani yao amefunga vidole kwenye shati lililolowa na dada wa ndizi hana jino, hawakuuliza maswali. Walikuja na miguu ya meza ambayo haijapigwa randa. Mwenye nondo alivunjwa mkono ule ule wa nondo. Miwani alitambaa mpaka chooni akajifungia na mlinzi, na mlinzi, aliyekuwa na deni la ngumi moja, akalilipa kwa soksi na riba. Bondia alipigana vizuri kwa nusu dakika. Kisha akapanda ulingoni kwa mara ya nne na kupigwa kwa mara ya tatu, na wangemuua pale pale kama Kabati asingejikokota na kumlalia juu.

"Toka, tummalize!" seremala mkubwa akafoka.

"Akifa," Kabati akasema kwa shida, "nitamwandika kwenye safu gani?"

Polisi waliwakuta hivyo, wamelaliana.

Yule mke alihamishwa kesho yake asubuhi, jedwali la nyumba lilipokubali tena neno la Dada Ukuta, namba thelathini na moja ikaachwa tupu. Hospitalini Dada Ukuta alikaa kitandani kwa Kabati. Kisha akamzaba kofi.

"Hilo ni la nakala."

"Nimelistahili."

"Mengine yapo. Nasubiri upone."

Kabati alimsimulia Mkuu kosa lake lote, bila kupunguza, naye Mkuu akasikiliza, akatikisa tai, akasema funzo ni moja: warsha nyingine ya kuaminiana inahitajika. Dada Ukuta akasema yuko tayari, ila atasimama pale pale pa siku ile, anayetaka aanguke.

Wiki ya tatu walirudi ofisini kukamilisha faili la Bondia kwa ajili ya mahakama. Mikono ya Kabati, hata wa kulia ambao nondo iliuachia ufa, ilikuwa na plasta mpaka kwenye viwiko.

"Niambie neno lako niandike mimi," Dada Ukuta akasema, akasikia alichokisema, akajipiga kichwani. "Usithubutu kuniambia!"

Akageukia ukutani. Kabati akaweka penseli kwenye meno, akaanza kudonoa, herufi moja baada ya nyingine, mate yakidondoka. Ilichukua dakika sita. Dada Ukuta hakugeuka hata mara moja, ila aliuliza mara tisa kama amemaliza. Jedwali likafunguka. Kwenye safu ya Vilivyovunjwa, chini ya cherehani, penseli ikadonoa: Viti vitatu. Mashine moja kuukuu.

"Ongeza jino langu," akasema Dada Ukuta.

Kabati akatema penseli. "Jino ni mwili. Linaenda kwenye mifupa."

"Jino si mfupa!"

"Wala si kitu! Hii ni safu ya vitu!"

"Lilikuwa bandia, mpumbavu wewe! Limetengenezwa! Lina risiti!"

Huko chini maseremala wakasikia kitu kizito kikigonga ukuta, kisha kingine. Wakatazamana, wakafunika sahani zao, wakaendelea kula.